Mdogo wako na mteremko wa Kikafu

Pasua, Moshi

Baba Neema ndugu yangu,

Salaam nyingi. Sisi wote wazima, mama watoto anawasalimu. Picha za Daraja la Kigongo–Busisi nimezitazama mpaka simu imeisha chaji. Kilomita tatu juu ya ziwa, na ile foleni ya feri mmeisahau! Hongereni.

Mimi bado ni Kikafu ileile. Mabasi ya Dar, malori ya mpakani Holili, gari za watalii kutoka uwanja wa ndege wa KIA, bodaboda, wote tunashuka korongo moja na kubanana daraja moja.

Wiki iliyopita tulipakia sukari kiwandani TPC, mifuko 600 ya kilo 50, tani 30 kamili, tukashika njia ya Arusha. Kwenye mteremko nikachelewa kurudisha gia, nikategemea breki. Mara harufu ya kuungua ikajaa kebini. Nakanyaga, gari haishiki, na kila nikikanyaga mshale wa upepo wa breki unashuka. Mbele yangu Kosta imejaa wanafunzi, naona sare zao kwenye kioo chake cha nyuma. Mungu akasaidia gia nzito ikaingia, injini ikalia, tukavuka daraja taratibu.

Ng'ambo nikaegesha pembeni. Mdogo wako, utingo wangu, alikuwa ameshashuka na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi kabla sijafungua mdomo. Hapo nilimpenda. Ila akarudi mbio na dumu la maji ili amwagie ringi zilizokuwa zinafuka moshi. Nikamdaka mkono. Dramu ya moto ukiipiga maji inapasuka. Tukakaa saa nzima, chuma kinalia ti, ti, ti, kinapoa chenyewe kwa upepo.

Sasa kilichonifanya niandike: leseni ameshapata, anaomba usukani. Nimemkatalia, najua atakupigia kulalamika. Usiniwazie vibaya. Mama yenu alinikabidhi kijana huyu mkononi, pale kwenu Kibosho, na siku ile nilishika maneno yake. Nitaanza naye na gari tupu tukirudi kutoka Arusha, mimi nikae kiti cha utingo, naye ashuke Kikafu kwa gia ileile ambayo angeipandia. Akizoea, tutaongeza mzigo kidogo kidogo.

Akikupigia usimwambie kwamba nimekuandikia. Muulize tu ringi za moto zinapozwa na nini, kisha uniambie amejibu nini.

Wako,
Baba Upendo