Intanshipu ya mawasiliano UNICEF

Habari za jioni wapendwa. Kwa mlioniuliza faragha vigezo vya kuomba intanshipu (mafunzo kazini) ya UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto: uwe na miaka 18 au zaidi, uko chuoni au umehitimu ndani ya miaka 2 iliyopita, na usiwe na ndugu wa karibu anayefanya kazi humo. Maombi ni kwenye tovuti yao tu, bure kabisa. Ukiombwa "hela ya fomu", huyo ni tapeli.

Sampuli za kazi zenu mnazoambatisha kwenye maombi: tafadhalini, msiweke picha ya mtoto analia, chini yake jina kamili na shule anayosoma! Hawa kazi yao ni kulinda watoto. Ficheni jina, andikeni kwamba mzazi aliridhia.

Sivi (CV) zenu nitazipitia Jumamosi, nitumieni kabla ya Ijumaa saa 2 usiku. PDF jamani, si picha za skrini.