Uislamu haukuja na Seyyid Said

Mhariri,

Juzi namsaidia mwanangu kazi ya nyumbani, nikakuta daftarini mwake: “Uislamu uliletwa pwani na Waarabu wa Oman karne ya 19.” Mwalimu kaweka alama ya vema, tena kubwa.

Hapa hapa Unguja, Kizimkazi Dimbani, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye ukuta wa kibla: mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni kisima kifupi. Mtu huchota maji kwa chombo cha mti, huosha miguu, huisugua kwenye jamvi gumu, ndipo aingie. Wenyeji, anasema, ni Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Hapo ndipo daftari linapokwama, kwani watawala wa Oman walikuwa Maibadhi, madhehebu mengine kabisa. Kama dini ililetwa nao, mbona wengi wetu tu Mashafi?

Sikatai, Waoman wametuachia mengi, mikarafuu ikiwemo. Ila Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipohamia Unguja alipokewa na adhana.

Nimemwambia mwanangu afute. Kakataa, eti atakosa maksi.

Msomaji wako,
Unguja