Kulalamika si ukabila, njooni muutafute kwa ploti

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mmoja hapa wiki iliyopita akisema ati vijana wanaoandamana wanasukumwa na chuki ya kikabila, na ati ukiangalia majina ya wanaopiga kelele mitandaoni utajua tu wanatoka wapi. Nilicheka kwanza alafu nikakasirika. Mimi si mwanasiasa wala wakili, mimi ni keateka wa ploti hapa Kaptembwa, Nakuru, kazi yangu ni kufagia, kufungulia watu maji, kusumbuana na tokeni za stima na kufuata rent kila tarehe tano. Lakini kama kuna mtu anajua ukabila wa hii taun unalala wapi, ni keateka. Na nataka kumwambia huyo ndugu kwa heshima kwamba anautafuta mahali haupo.

Wacha nianze na Juni 2024 maana ndiyo watu wanaitaja sana. Ploti yetu iko na Wakisii, Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wakalenjin na familia moja ya Waturkana nyumba ya mwisho karibu na choo. Ile wiki ya Mswada wa Fedha, jioni stima ikirudi, wasichana wawili wa nyumba za juu walikuwa wanakaa kwa ngazi na simu wanawasomea wamama, mkate uwekewe VAT ya asilimia 16, mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka, na ushuru wa mazingira ambao ungefika mpaka kwa pedi na daipa. Mmoja anaeleza kwa Kiswahili, mwingine anatafuta video za TikTok, kwa sababu vijana walikuwa wameshaueleza huo mswada kwa Kijaluo, Kikuyu, Kiluhya, Kikalenjin, kila mama anachagua yake. Aliyeuliza maswali mengi kuliko wote ni mama mmoja Mkalenjin ambaye 2022 alikuwa amebandika picha ya Rais mlangoni, yeye anauza mandazi, na ingawa mandazi si mkate alijua mafuta na unga hazitabaki nyuma. Hakuna mtu alimwambia "si ni mtu wenu". Hata mmoja! Hiyo ilinishangaza kuliko maandamano yenyewe.

Tarehe 25 vijana wakatoka pamoja, wakala vitoa machozi pamoja huko taun, wakarudi macho mekundu wanacheka. Huko Nairobi wenzao waliingia Bunge, watu wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Haya yote yanajulikana.

Kile hakisemwi ni kilichofuata. Baraza la mawaziri likavunjwa, watu wa ODM, chama cha upinzani, wakaingia serikalini, Oktoba mwaka huo huo Seneti ikamng'oa naibu rais Gachagua, na hapo ndipo lugha ilibadilika. Malalamiko ni yale yale, unga, kazi, makato ya nyumba asilimia 1.5, makato ya SHA, ile bima ya afya, asilimia 2.75 na ukienda hospitali unaambiwa sistimu iko chini, lakini sasa ukifungua mdomo unaulizwa kwanza wewe ni wa wapi. Mkikuyu akilalamika ni uchungu wa Gachagua. Mjaluo akilalamika anaambiwa hana adabu, wazee wake wako ndani ya serikali na yeye bado anapiga kelele. Mkalenjin akilalamika ni msaliti wa nyumbani. Mluhya akilalamika ni kwa sababu watu wake hawakupewa kiti kikubwa. Yaani ukihesabu vizuri utakuta Kenya hii hakuna kabila hata moja limebaki na ruhusa ya kulalamika. Ni ujanja mzuri sana na sijui nani aliubuni, kwa sababu hutumii polisi, hutumii pesa, unauliza tu jina la pili.

Na unaingia mpaka kwa mambo ya kifo. Juni 2025 mwalimu kijana wa Homa Bay alishikwa nyumbani kwao kwa sababu ya posti aliyosemekana kuandika juu ya mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Hapa kwetu kuna watu, watu wazima wenye watoto, ambao kitu cha kwanza waliuliza ni jina, alafu wakishasikia jina wakajua wahuzunike kiasi gani.

Ndugu yule wa barua alitaja pia 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi, akasema tusisahau tulikotoka. Sawa, tusisahau, lakini basi tukumbuke vizuri. Mimi nilikuwa Nakuru ile Januari. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza hizo ghasia, ilihesabu waliokufa nchi nzima 1,133, na zaidi ya 400 kati yao walikufa kwa risasi. Sasa jiulize, jirani yako wa mtaa wa Rhonda hapa Nakuru alikuwa na bunduki? Kisumu wengi waliokufa walipigwa risasi na polisi (na silifichi, huko huko Kisumu Wakikuyu na Wakisii walivunjiwa maduka wakafukuzwa, hilo nalo lilitokea). Naivasha tarehe 27 Januari watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja mtaa wa Kabati kwa sababu ya kabila lao tu. Hayo ni mambo mawili. Moja ni mtu kukataa matokeo na kutoka barabarani akapigwa risasi na serikali yake, lingine ni mtu kumwua mwenzake kwa sababu ya jina. Sisi tulichukua yote tukatia kwa gunia moja tukaandika juu yake "vita vya kikabila", na faida yake ni nini? Polisi aliyefyatua risasi akapona kwa sababu ilikuwa vita vya kikabila, na jirani aliyebeba petroli akapona kwa sababu ati alikuwa anapigania kura. Wakubwa sita walipelekwa The Hague na mpaka Aprili 2016 kesi zote zilikuwa zimeanguka, ripoti ya tume ya ukweli na maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013 na Bunge halijawahi kuipitisha. Watu waliambiwa wasameheane na hakuna aliyekuwa ameomba msamaha. Wanasiasa wao walishasameheana kitambo, tena mara kadhaa, 2013, 2018, 2024, kila wakikutana ni kukumbatiana. Kinyongo kimebaki kwa wapangaji na wenye ploti.

Sasa nikuonyeshe ukabila wenyewe.

Kuna Jumamosi kijana alikuja na ovaroli ya gereji, ameona kibao kwa geti. Nikamfungulia ile singo, nyumba ya chumba kimoja. Akafungua bomba aone kama maji inatoka, akapima ukuta kwa mikono kujua kitanda kitaingia upande gani, akauliza kama mita ya tokeni ni yake peke yake ama ya kushea. Akaridhika, elfu tatu na dipoziti ya mwezi mmoja, akatoa simu atume pesa hapo hapo. Utaratibu wetu ni lazima nimpigie mwenye ploti kwanza. Nikampigia. Hakuniuliza kama anafanya kazi wapi, hakuniuliza kama ana familia. "Anaitwa nani?" Nikataja lile la kanisa. "La pili?" Nikataja. Akanyamaza kidogo. "Mwambie imeshachukuliwa." Sasa simu yangu iko na sauti ya juu na kijana alikuwa amesimama hapa, mita moja. Hakugomba. Alinirudishia ufunguo akasema "sawa mzee, tumezoea", akapanda boda akaenda.

Sitasema kijana ni wa kabila gani wala mwenye ploti ni wa kabila gani, na najua wewe unayesoma hicho ndicho kitu ulikuwa unangojea. Badilisha majina vile unataka, hiyo stori inatokea Kaptembwa, inatokea Free Area, inatokea Lanet, yote mitaa ya hapa Nakuru, na watu wangu wa Kisumu na Eldoret wananiambia huko ni hivyo hivyo, kinachobadilika ni nani yuko ndani na nani yuko nje ya geti.

Nilibishana na mwenye ploti baadaye. Si mtu mbaya, hiyo nakubali kabisa, kuna mtoto yatima analipiwa fizi na yeye na hajawahi kunichelewesha mshahara. Aliniambia ploti yake ya kwanza ilichomwa 2008, milango kumi, na kati ya waliochoma kulikuwa na mtu aliyekuwa mpangaji wake. Hakulipwa hata shilingi. Na sasa kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja ameanza mapema, ati kukichafuka hataki mtu wa upande ule ndani ya geti yake. Nilimuuliza huyu wa gereji mwaka 2008 alikuwa na miaka mingapi, akanijibu damu ni damu. Hapo maneno yakaisha. Namwelewa alivyoumia lakini yule kijana hakumchomea kitu, pengine wakati huo alikuwa anajifunza kutembea.

Na cha kuchekesha, kama kinachekesha, huyo huyo ndiye hutuma kwa grupu ya WhatsApp ya ploti zile video za kusema vijana wa maandamano ni wakabila.

Wala wapangaji si malaika. Kuna mama aliniambia nisimletee watu wa samaki watanukisha korido, na mwingine hataki wa fulani kwa sababu ati ni wezi, na huyo anayesema hivyo ana rent ya miezi mitatu.

Juu ya hayo yote tuko na sheria, ile ya uwiano na utangamano ya 2008. Kila mtu anajua kipengele kimoja tu, cha matamshi ya chuki, ambacho kinaweza kukupeleka ndani mpaka miaka mitatu ama ukatozwa faini mpaka milioni moja. Kila msimu wa kura mheshimiwa mmoja wawili wanapelekwa kortini, wanatoka wakipunga mkono, kesi inapotelea huko. 2022 tume ya NCIC, inayosimamia sheria hiyo, ilitoa mpaka orodha ya maneno ambayo hatufai kusema. Sawa. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi wa kikabila kwa mambo ya kazi na mambo ya mali, na inasema hakuna ofisi ya umma inafaa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ile ya serikali za kaunti nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya hapo. Ni lini umesikia mkutano wa hadhara umeitishwa kuuliza gavana hiyo theluthi iko wapi? Ni rahisi kuhesabu matusi ya kijana wa miaka 22 kwa simu kuliko kuhesabu majina kwa pairoli.

Najua kuna wafanyabiashara watasema mimi naongea hivi kwa sababu sina duka. Kweli, 2025 maduka yalivunjwa, watu wakaamka hawana hata kijiko, na kuna wahuni waliobebwa na magari wakapewa rungu. Mwizi ashikwe kama mwizi. Katiba kipengele cha 37 inampa mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, haimpi haki ya kubeba televisheni ya mtu. Lakini mwenye duka naye akilalamika asiambiwe ni kabila lake linaongea, kwa maana hilo nalo nimelisikia hapa hapa Nakuru, mtu amevunjiwa duka na bado anaambiwa anafanya siasa.

Kwa hivyo ombi langu kwako Mhariri si kuchapisha barua nyingine ya kuhubiria vijana amani. Mtume mwandishi mmoja hapa Nakuru. Apige simu kwa ploti ishirini zenye kibao, ajitambulishe kwa jina la upande mmoja. Alafu baada ya saa moja mwenzake apigie zile zile, kwa jina la upande mwingine, kazi ile ile, pesa ile ile. Mfanye na Kisumu, mfanye na Eldoret na Kakamega. Mchapishe majibu vile mlivyopewa, bila kuongeza kitu, na siku hiyo hiyo mumuulize mkubwa wa NCIC ni watu wangapi wameshtakiwa kwa kunyima mtu nyumba tangu 2008.

Namba yangu ya simu mnayo. Jina langu msilitoe tafadhali, mwenye ploti husoma gazeti hili, na mimi mwenyewe nakaa kwa nyumba yake.

Keateka,
Kaptembwa, Nakuru