Kikao cha ukoo Jumapili: jina letu la Nyapara

Hamjambo jamaa zangu. Shikamooni wazee wetu.

Mahali pamebadilika. Hatukutani tena Kisumu, tunakutana Mumias kwa Shangazi, Jumapili hii saa nane mchana. Bibi hawezi safari, na ndiye pekee aliyebaki ambaye mwana wa babu mkuu mwenyewe alimsimulia habari za baba yake. Tunataka kujua jina letu la Nyapara lilitoka wapi.

Mnyapara alikuwa msimamizi wa wapagazi kwenye misafara ya pwani, iliyokuwa ikipita hapa Mumias, kwa wafalme (Nabongo) wa Wawanga, hata kabla Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, hajafika 1883. Lakini reli nayo ilikuwa na wanyapara wake, na ilifika Kisumu 1901. Babu mkuu alikuwa wa msafara au wa reli? Mimi moyo wangu uko kwenye msafara, maana Bibi husema alikuja kwa miguu na shanga za samawati kiunoni. Tumuulize taratibu, asichoke.

Naomba:
1. Shilingi 500 kila nyumba, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Ni nauli ya vijana wawili kwenda Nyaraka za Taifa, Nairobi.
2. Leteni picha, vyeti na barua za zamani, hata zilizochanika. Kwenye kipande (kitambulisho cha enzi ya ukoloni) cha mwana wa babu mkuu, ndani ya kile kibati chenye kutu, jina limeandikwa “Niapara”. Kwa hiyo angalieni kila tahajia.
3. Mwenye simu inayorekodi sauti vizuri ajitokeze.

Tafadhali andika “nipo” au “sipo” hapa kabla ya kesho usiku, Shangazi ajue apike kiasi gani.