Mguu mmoja kati ya 64

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu Salumu,

Salamu sana. Huku hatujambo, mama mzima, za korosho usiniulize. Najua nimekaa kimya tangu Idi na leo nakuja na shida. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Ile kompyuta ya zamani ya marehemu Mjomba, Amiga 500, uliyosema nikatupe, inawaka! Nilipochomoa kadi ya memori nilikuta betri imevuja, njia za shaba zimeota kijani. Nikasugua kwa siki na mswaki. Mswaki wenyewe wa Somoe, hajanisamehe mpaka leo.

Basi tamaa ikaniingia. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni Motorola 68000, megahezi 7 na ushee. Nikasoma kwamba mdogo wake, 68010, ina miguu 64 ile ile ya kuchomekea: chomoa hii, chomeka ile. Nikaipata, nikachomeka. Mwendo? Sikuona kitu. Kumbe hiyo hukimbia kwenye vitanzi vifupi vya programu tu, yaani amri chache zinazorudiwarudiwa. Na lile gemu letu la magari likagoma kabisa, maana kuna amri ambayo 68000 inairuhusia kila programu, lakini 68010 inamtaka bosi mwenyewe, yaani mfumo mkuu wa kompyuta. Mwendo wa kweli ungetaka bodi nzima ya prosesa kubwa zaidi, 68030, yenye memori yake, kwani memori ya mle ndani prosesa inagombania na picha na sauti. Hela hiyo Mjomba angekuwepo... basi tu.

Nikaamua kurudisha ya zamani. Bisibisi ikateleza, mguu mmoja wa 68000 ukakatikia ndani ya soketi. Mmoja tu, Salumu! Nilikaa sakafuni nikauangalia kwa tochi ya simu kama jino la mtoto.

Sasa, mashine za gemu za Sega Mega Drive za mwanzo zina 68000 hiyo hiyo ya miguu 64, ila imelehemiwa. Ukikuta mbovu huko Kariakoo ninunulie, fundi aitoe taratibu, asiivute kwa koleo. Wakikupa 68008 ikatae, ile ina miguu 48 au 52.

Yule fundi wako wa vinanda bado yupo, au alishahamia kwenye simu kama wenzake? Atataka shilingi ngapi? Nikutumie hela kwanza? Utampa kondakta wa basi, au Chande anashuka mwezi huu? Na wewe, yale mambo ya Mbagala yaliishia wapi? Mama anauliza kila siku, mimi nimechoka kudanganya.

Wako,
Bakari