Kabla Hujalipia Chapa ya Piranesi

Picha ya Fontana di Trevi, chemchemi maarufu ya Roma yenye sanamu, iliyo na jina la Piranesi inaweza kuwa ya karne ya 18, ya karne ya 19, au bango la dukani. Giovanni Battista Piranesi alichonga mandhari za Roma kwenye mabamba ya shaba hadi alipofariki mwaka 1778, lakini mabamba hayo hayakupumzika. Yaliendelea kuchapishwa Roma, kisha Paris walikohamia wanawe, na mwaka 1839 yakarudi Roma baada ya kununuliwa na serikali ya Papa. Bamba ni lilelile, ila thamani ya chapa, yaani picha iliyochapwa kwa bamba hilo, hupishana mno.

Anza na lenzi inayokuza mara 10. Tazama kivuli cha sanamu. Ukiona vitone vilivyopangwa safu safu, hiyo ni nakala ya mashine za kisasa, ishia hapo. Chapa ya bamba ni mistari tu: tindikali ilikula shaba, wino ukajaa kwenye mifereji, na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa mpaka ikauchota. Mulika taa kutoka ubavuni, utaona mistari mizito imeinuka. Kingo za bamba nazo huacha alama ya kubonyea pande zote nne, ingawa alama hiyo huigizwa, usiitegemee peke yake.

Kuhusu umri, sisi tunaokadiria chapa huamini vivuli kwanza. Shaba ni laini na huchakaa kila inapopita kwenye mashine. Mistari myembamba ya angani hufifia mapema, halafu weusi uliokolea chini ya matao hugeuka kijivu. Soma pia maandishi ya chini: anwani ya Strada Felice, mtaa wa Roma, na bei ya paoli (sarafu ya Roma ya wakati huo) mbili na nusu ni za tangu 1761, Piranesi alipoanza kujichapishia mwenyewe. Baadaye zilifutwa.

Mkunjo wa katikati si kasoro. Chapa nyingi zilifungwa vitabuni. Kasoro ni kupunguza kingo ili ienee kwenye fremu, na selotepu, ambayo gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka kirahisi. Sisi huishika chapa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu ya kadibodi isiyo na asidi. Kioo kisiiguse karatasi, hasa nyumba za pwani: unyevu hunasa hapo na ukungu huanza.

Ukitaka tukukadirie thamani, ututumie picha tatu: karatasi nzima, maandishi ya chini, na kivuli kimoja kwa karibu.