Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Atalipa Hospitali Tukishaacha Kazi

Wababa na wamama, wanachama wa chama chetu cha wastaafu hapa Lubumbashi, nawasalimu.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Mikutano imefanyika kwa wakati wake, hesabu za mweka hazina zimekaguliwa na ziko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuzisoma, na wenzetu waliotutoka tumewasindikiza kama desturi ya chama inavyotaka. Nguvu zetu nyingi mwaka huu zimeenda kwenye jambo moja, matunzo ya afya, na ndilo nitakalosema kwa urefu.

Tulikotoka tunakujua. Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi na familia yake. Kwa sisi tuliotumika mgodini na relini, hiyo ilikuwa hospitali ya kampuni na dawa za kampuni, na watoto wetu walizaliwa humo bila mtu kugusa mfuko. Kazi ikiisha, haki hiyo inaisha nayo. Wenzetu zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwaka 2003 kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari waliyaonja hayo mapema.

Kuna wanachama wanaoamini kwamba pensheni inakuja na matibabu. Haiji nayo. Sheria ya Julai 2016 inayoongoza CNSS, mfuko wa taifa unaotulipa pensheni, ina matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa yanayoletwa na kazi, na posho za familia. Presha na sukari ya mzee havimo. Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulipozinduliwa Septemba 2023 ulianza na uzazi na watoto wachanga. Tunaufurahia kwa ajili ya mabinti zetu, lakini sisi wazee bado tunalipa wenyewe, na wengi tumeona mgonjwa aliyepona akizuiliwa wodini kwa sababu familia haijamaliza deni.

Njia mbili zilikuwa mbele yetu. Ya kwanza ni kampuni za bima. Sheria ya Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, uliodumu tangu 1966, na leo kampuni kadhaa zinauza bima ya ugonjwa chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Ya pili ni mutuele ya afya, yaani chama cha kusaidiana kwa matibabu, ambayo ina sheria yake ya Februari 2017: wanachama wanachanga, wanachagua viongozi, na mwisho wa mwaka wanaonyeshwa hesabu.

Kamati ilizisoma karatasi za pande zote mbili, neno kwa neno. Kwenye mkataba mmoja wa bima, kurasa za mbele zilikuwa na picha nzuri na orodha ndefu ya kliniki. Ukurasa wa nyuma, kwa herufi ambazo mjumbe wetu wa Katuba alizisogeza dirishani ili azisome, uliandika kwamba mtu aliyepita miaka 65 hapokelewi upya, na kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla ya kutia sahihi haulipwi. Nani kati yetu angebaki? Tuliufunga.

Mutuele nazo si zote sawa. Mjane mmoja wa chama alituletea karatasi yake ya daktari: amlodipini, dawa ya presha, kidonge kimoja kila siku, mwezi mzima. Mutuele aliyokuwamo ilimpa vidonge kumi, vilivyobaki akaambiwa anunue. Mchango wake ulikuwa mdogo kweli, na ndiyo sababu aliuchagua. Siku ishirini zilizobaki alizigharamia mwenyewe, na miezi mingine hakuzigharamia kabisa. Kwa hiyo nasema wazi, hata kama wapo waliotaka tuchukue mchango wa chini kabisa: kwa mtu wa umri wetu, mutuele isiyobeba dawa za kila siku ni pesa iliyopotea.

Tuliyoichagua inapokea mstaafu wa umri wowote, inatoa dawa za presha na sukari za mwezi mzima, na mgonjwa analipa sehemu ndogo tu ya gharama. Inayo masharti pia. Miezi ya kwanza unachanga bila kutibiwa. Unaanzia kituo cha afya cha mtaa wako, na huko ndiko unakopewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Ukienda hospitali kubwa ya Sendwe moja kwa moja bila barua, utalipa mwenyewe, isipokuwa kwa dharura.

Sharti lililoleta kelele ni kuandikisha nyumba nzima. Tumezoea likelemba, mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ambako zamu yako lazima ifike. Hapa unachanga ukiomba zamu yako isifike, na pesa yako inamtibu jirani. Wakiingia wagonjwa peke yao, sanduku litakauka kabla ya mwaka kwisha. Mjukuu mwenye afya akiingia, mchango wake ndio unaokulipia sindano ya insulini. Sharti hilo nalitetea kwa moyo wangu wote.

Kwa wanaopokea pensheni kila robo mwaka, tumekubaliana mchango ulipwe siku hiyohiyo ya malipo, kabla pesa haijafika nyumbani. Wajane wasio na pensheni wasikae kimya. Wajumbe wataongea na watoto wao, hata walioko Likasi na Kolwezi, wagawane mchango huo.

Uandikishaji uko kwa wajumbe wa Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Kampemba. Kila mtu alete karatasi ya pensheni, kitambulisho, picha mbili za kila mtu wa nyumba yake, na daftari la hospitali kama analo. Asiyeweza kutembea ampe mjumbe habari, naye atamfuata nyumbani.

Mwenyekiti